Mkono Usiopiga Hodi

Chumba cha kupigia pasi kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya kiwanda cha kufulia nguo, chini ya bati, kwa kuwa mwenye kiwanda aliamini joto na joto hayagombani. Meza zilipangwa kando ya madirisha. Kwenye meza ya mwisho, penye bomba la mvuke lililokuwa likivuja tangu enzi za msimamizi aliyepita, alifanya kazi mwanamke ambaye wenzake walimwita Pembeni. Jina hilo halikutokana na meza. Jicho lake la kushoto lilikuwa limegeukia puani tangu utotoni. "Jicho moja liko kazini, la pili liko likizo," walimtania, naye alicheka nao, maana utani wa kazini usipoucheka hugeuka matusi.

Alikuwa mpiga pasi mzuri. Mashuka ya hospitali na ya hoteli yalipita mikononi mwake yakatoka hayana hata mkunjo. Kabla ya kuitua pasi, alikigusa kwanza kwa kidole kipande cha bati cha kuiwekea, ndipo akaishusha. Chai aliimimina mdomo wa birika ukiwa umegusa ukingo wa kikombe. Ngazi alizishuka kwa kupapasa na unyayo. Hakujua kwamba watu wengine hawafanyi hivyo. Kwake yeye birika, mlango, mtaa na mawingu vilikuwa vimelala kwenye karatasi moja, kikubwa kando ya kidogo, na njia ya kujua kipi kiko mbele ya kipi ilikuwa kunyoosha mkono.

Kunyoosha mkono ndiko kulikomponza. Siku moja alikuwa akimwogesha binti yake, aliyekuwa ndio kwanza anasimama dede. Wanawake wa chumba cha pasi walikuwa wamempa mtoto huyo jina la Kifungo, kwa jinsi alivyozaliwa mdogo. Pembeni aliinua sufuria ya maji ya moto kuyachanganya na ya baridi. Beseni aliliona lipo. Lilikuwapo kweli, ila mbele kidogo, na maji yakaangukia mguu wa mtoto.

Mguu ulipona. Mama mkwe hakupona. Alikuja na binti yake mkubwa, wifi yake Pembeni, wakamfunika mtoto shuka wakamchukua. "Mtu asiyejua beseni liko wapi atajuaje mtoto yuko wapi?" alisema mama mkwe, bila ukali, kama anayeuliza bei. Mume alibeba mfuko wa nguo za mtoto. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mtu ambaye maisha yake yote alisubiri mshale utulie ndipo aseme neno. Alisema anawasindikiza, atarudi baada ya siku chache. Hakurudi.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa kilimani, ng'ambo ya bonde. Kwa miguu, kuvuka reli, mto na mashamba ya mboga, mtu aliyetoka asubuhi alifika jua limeshapanda. Siku za mapumziko Pembeni aliruhusiwa kwenda kukaa barazani na kumtazama mtoto akiwa amepakatwa na wifi. Kumshika hakuruhusiwa. Siku nyingine aliitazama nyumba kupitia dirisha la chumba cha pasi. Ilikuwa ndogo kama kiberiti, na upande wake mmoja palikuwa na kidirisha chenye nondo.

Mchana mmoja, mvuke ukiwa mwingi, aliona kwenye kile kidirisha kitu cheusi kama uzi uliokwama. Mpiga pasi haachi uzi. Akanyoosha mkono autoe, na vidole vyake vikaingia kwenye nywele za mtoto.

Zilikuwa na jasho. Alizijua. Akashuka nazo akalipata sikio, kisha shavu, na lile shavu likamlalia kiganjani. Mkono wake haukuwa umerefuka. Ulikuwa mkono wa siku zote, wenye alama za pasi. Ila kilima kilikuwa palepale ulipo mpini wa pasi, na hapakuwa na kitu katikati.

"Unamshika nani huko?" aliuliza jirani yake wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye sauti nzito ambaye chumba kizima kilimwita Shangazi.

"Mwanangu."

"Hajambo?"

"Ana jasho. Wamemvisha sweta."

"Jua lote hili," alisema Shangazi, akaligeuza shuka lake upande wa pili.

Msimamizi alikuja akiifuata harufu. Shuka la hoteli lilikuwa limeungua, umbo la pasi limebaki katikati yake. Aliliangalia shuka, akauangalia mkono uliotokeza dirishani, akasema hana ugomvi na mtu kumshika mtoto wake, lakini kazi ni kazi. "Mkono utoke nje wakati wa mapumziko tu. Na pasi izimwe kwanza."

Basi ikawa hivyo. Wengine wakila, Pembeni alizima pasi, akaweka kiwiko juu ya ukingo wa dirisha na kunyoosha mkono. Alimfuta Kifungo kamasi. Alimpelekea kipande cha mkate, na Shangazi alimkumbusha kukata maganda kwa sababu meno ya mtoto yalikuwa bado machache. Mtoto naye alizoea. Jua likifika juu, alikaa tayari dirishani.

Alikaa tayari kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Hilo Pembeni aliligundua siku aliyotaka kumkunja mkono wa sweta na vidole vyake vikakuta kamba. Ilikuwa kamba ya katani, imezungushwa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, ncha ya pili imefungwa kwenye nondo kwa fundo la kufungia magunia. Pembeni, ambaye maisha yake yote alifanya kazi kwa kupapasa, alilifungua kwa mkono mmoja. Mtoto akatoweka dirishani. Siku iliyofuata kamba ilikuwa imerudi. Akaifungua tena. Siku iliyofuata fundo lilikuwa kubwa zaidi.

Alijaribu pia kumtoa. Alimshika kwapani, akamvuta. Kichwa kikagonga nondo, mtoto akalia. Pembeni alikisikia kilio hicho kwa kiganja tu, kama mtetemo, kwa sababu sauti ilikuwa na bonde zima la kuvuka. Akamwachia, akampapasa mgongo hadi mtetemo ukaisha.

Jioni moja mumewe alimsubiri kwenye lango la kiwanda.

"Mama amekasirika," alisema.

"Nimemfanya nini?"

"Mkono wako unaingia nyumbani kwake bila kupiga hodi. Juzi dada alikuwa anavaa nguo chumbani. Mtu hawezi kuvaa nguo mbele ya mkono wa mtu."

"Mtoto amefungwa kamba."

Mume aliangalia viatu vyake. "Wanashuka sokoni asubuhi, wanarudi alasiri. Pale nje kuna ngazi, kuna kisima. Wanamhofia."

"Wewe umeiona hiyo kamba?"

"Mimi naondoka mapema."

"Basi mfungue kabla hujaondoka."

Alisubiri, kama mshale bado unacheza. "Mama ana utaratibu wake," akasema mwishowe. "Anasema mtoto aliyefungwa haungui."

Pembeni alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa kijana, mpole, amevaa miwani iliyomtelemka puani kila alipoinama. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo kamba umeiona?"

"Nimeigusa."

"Kwa kugusa ni vigumu, dada yangu. Ukiniambia umeiona kwa macho, naweza kwenda."

"Kwa macho yangu haya?"

Afisa aliyatazama, kwanza moja, halafu la pili, akaona haya kidogo. Alisema kwa upande wa pili, mtoto anakula, analala ndani, ana bibi na dada wa baba yake. Kwa upande wa mama, kuna lile suala la maji ya moto. "Lakini siku hizi macho yanatengenezwa," alisema. "Yanyooshe. Ukiweza kuona kitu kiko mbali kiasi gani, rudi hapa, mimi mwenyewe nitakupeleka kilimani ukamchukue mtoto wako."

Hospitalini daktari alilinyoosha jicho kwa upasuaji wa asubuhi moja, akasema kazi yake imekwisha na kazi iliyobaki ni ya kichwa. Tangu utotoni kichwa kilikuwa kimezoea kuitupa picha ya jicho la kushoto ili kisione vitu viwili viwili. Sasa kilitakiwa kuipokea. Akamkabidhi kwa mwanamke wa mazoezi, mtu mzima mwenye mikono mikavu na subira nyingi. Mwanamke huyo alimvisha miwani myeusi, akamwonyesha picha ya nzi.

"Mshike bawa."

Pembeni aliweka kidole kwenye karatasi.

"Sawa. Siku utakayomshika bawa hewani, juu ya karatasi, umepona."

Alimpa uzi wenye shanga za rangi. Ncha moja afunge kwenye kitasa cha mlango, ya pili aishike puani, atazame shanga moja baada ya nyingine mpaka aone nyuzi mbili zinazokutana pale penye shanga. Kabla hajaanza, Pembeni alimweleza kuhusu kilima na mkono.

"Ndiyo, hutokea," alisema mwanamke wa mazoezi. "Nilikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anazima taa ya jirani bila kutoka kitandani. Alipopona ikabidi ajifunze kulala na mwanga. Umbali ukiingia umeingia, mama. Wengine hawaupendi. Fikiria kwanza."

Pembeni alifikiri. Shangazi alimsaidia kufikiri, kwa sauti, mbele ya chumba kizima.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Mkono unao. Mtoto mzima umeahidiwa tu."

"Ninachokishika ni mkono na shavu," alijibu Pembeni. "Nikimwachia, ndiye yuleyule amefungwa. Nimtoe mzima."

"Na wakikunyima?"

"Afisa amesema."

Shangazi alipuliza mvuke kwenye shuka.

Umbali haukuingia siku moja. Uliingia kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Kuna wiki ambayo mkono wake ulifika hadi kwenye nondo lakini haukupita. Baadaye zikafika ncha za vidole tu, na fundo hakuweza tena kulifungua. Kifungo alitoa mkono wake ulio huru akakishika kidole cha mama yake, wakakaa hivyo mapumziko yote. Kisha kikawa kidole kimoja, kile kirefu. Kila jioni alifunga uzi kwenye kitasa na kutazama shanga.

Ilitokea asubuhi, akinawa uso. Bomba lilikuwa limetoka ukutani. Lilimnyooshea shingo, na kati ya bomba na ukuta palikuwa na nafasi, tupu kabisa, ambayo haikuwa na kazi yoyote ila kuwapo. Alitia kidole ndani yake. Njiani, majani ya miti yalikuwa yameachana, kila jani na mahali pake. Uani mwa kiwanda mashuka yalikuwa yameanikwa, moja nyuma ya jingine, na kati ya shuka na shuka palikuwa na hewa. Hakuwahi kuiona hewa. Alisimama katikati ya mashuka mpaka msimamizi akamwita, na machozi yalimtoka, kwa sababu lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wengine huliona kila siku.

Alipopanda juu akatazama dirishani, bonde lilikuwa limefunguka. Kilima kilikuwa kimerudi nyuma, kikiwa na nyumba na kidirisha chake, na mbele yake yalikuwapo mashamba, ukawapo mto, ikawapo reli, kila kimoja kikiwa kimekalia umbali wake. Alinyoosha mkono. Ulikwenda mpaka pale mikono ya watu inapoishia. Akafumba jicho moja, akanyoosha tena. Akafumba la pili. Shangazi alimwona, akamzimia pasi.

Hospitalini alilishika bawa la nzi juu ya karatasi, na mwanamke wa mazoezi akampongeza bila kutabasamu.

Afisa mpole alikuwa amehamishwa. Aliyekaa kwenye kiti chake, mama mmoja mwenye haraka, alisema ahadi hiyo ilikuwa ya mwenzake, lakini hana kipingamizi, waelewane kifamilia. Kwa hiyo Pembeni alikwenda kilimani peke yake, siku ambayo wote walikuwa nyumbani. Alipiga hodi. Alikaribishwa sebuleni.

Mama mkwe aliyatazama macho yake kwa muda mrefu, akakiri kwamba yamenyooka. Akaagiza chai iletwe, birika na vikombe, akaviweka mwisho wa meza. "Mimina," alisema. Pembeni alilinyanyua birika juu, mbali na vikombe, akamimina. Chai ilishuka kama kamba ya kahawia, ikaingia katikati ya kikombe kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Hakuna tone lililoanguka mezani. Wifi alisema hata yeye hawezi kumimina hivyo. Mume alipokea kikombe chake kwa mikono miwili.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," alisema Pembeni.

"Umepona, tunashukuru," alisema mama mkwe. "Tatizo sasa si macho. Mtoto ameshazoea. Ukimtoa hapa utamvuruga."

"Mama, mlisema ni macho."

"Wakati ule yalikuwa macho."

Pembeni alimgeukia mumewe. Mume aliipuliza chai yake. "Tusubiri kidogo akue," alisema.

"Akue akiwa amefungwa?"

"Hafungwi saa zote," alisema wifi, akionekana kuumia. "Leo si unaona hajafungwa?"

Akamleta mtoto. Kifungo alikuwa amekua, amekonda shingo. Alisimama mlangoni akamtazama mama yake. Jicho la kulia lilimtazama usoni. La kushoto lilitazama puani.

"Hilo amelitoa kwako," alisema mama mkwe. "Limeanza mwaka huu. Usihofu, tumeshapata nafasi hospitali, atanyooshwa kabla ya kuanza shule."

Pembeni alimpakata mpaka chai ikapoa. Mtoto hakumjua kwa uso. Aliupindua mkono wake, akazitazama zile alama za pasi, akauegemeza shavuni mwake, akalala. Alipoamka wifi alimchukua, na mume akamsindikiza Pembeni hadi kwenye ngazi, akamwambia aangalie, ya tatu imevunjika. Alishaiona.

Alirudi kazini. Aliitua pasi bila kugusa bati kwanza. Msimamizi alisema siku hizi anafanya kazi haraka zaidi, akamwongezea rundo.

Msimu wa mvua ulipokwisha na madirisha kufunguliwa tena, wakiwa bado hawajaenda kula, mkono mdogo uliingia dirishani. Ulishuka juu ya meza ukipapasa, ukaelekea kwenye pasi. Pembeni aliisogeza pasi kwa wakati, akauweka mkono wake mahali pake. Vidole vidogo vikamshika.

"Una mgeni," alisema Shangazi.

"Ndiyo."

"Hajambo?"

"Sijui. Ngoja nimwangalie."

Msimamizi alikuja, akasimama mwisho wa meza. Alisema sheria ya kiwanda hairuhusu watoto kwenye chumba cha pasi. Shangazi akamwambia huyo si mtoto, ni mkono. Msimamizi alilipima hilo. Mwishowe aliagiza pasi ya meza ile izimwe kila mchana, wakati wa mapumziko, mpaka hapo mtoto atakaponyooshwa macho, akaenda zake.

Pembeni aliugeuza ule mkono, kiganja kikatazama juu. Kamba haikuwa katani tena. Ulikuwa waya uliovikwa plastiki nyekundu, mpya, ambao haufunguki kwa vidole, na ncha yake ilitoka dirishani ikapotelea bondeni. Chini ya waya palikuwa na alama. Zamani alikuwa ameigusa tu, akadhani ni mkwaruzo. Sasa aliinama akaitazama kwa macho yote mawili, mchana kweupe. Ilikuwa na kingo mbili, na kati ya kingo hizo ngozi ilishuka, ikaendelea kushuka. Aliiona vizuri kabisa ilivyokwenda chini.

Akaupulizia, kama mtu anavyopulizia mahali palipoungua. Vidole vikamkamata kidevu. Kisha waya ukakaza, na mkono ukavutwa, si kwa kujivuta wenyewe, ukapita juu ya ukingo wa dirisha, ukapita juu ya bati za uani. Pembeni aliufuata kwa macho juu ya reli na mto na mashamba, akiona sawasawa, kila mara, umefika umbali gani.